Aliangukaje? Uti wa Mgongo wa Mwenye Kifafa Mbele ya Huduma ya Dharura

Asubuhi moja ya kiangazi, katika kijiwe cha bodaboda cha Buswelu, Mwanza, mahali ambapo barabara ya Nyakato hupokea watumishi waendao ofisi za Manispaa ya Ilemela pamoja na akina mama warudio kutoka mwaloni na ndoo zao za dagaa, kijana mmoja aliyekuwa amesimama kando ya pikipiki yake akingoja abiria alitoa ukelele wa mtu aliyegutushwa usingizini, akakakamaa, akaenda chini mzima mzima kama mgomba uliokatwa, kisha mwili ukaanza kutukutika, macho yakageuka, na povu likamtoka kinywani. Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Duara likafanyika, nalo likawa pana kuliko ilivyohitajika, hata akatokea mama mmoja muuza vitumbua, akaacha karai lake motoni, akapenya, akapiga magoti, akaikunja kanga yake na kuitia chini ya kichwa cha mgonjwa kisije kikagongwa na ardhi. Na mtukutiko ulipolegea akamgeuza ubavu, akamwelekeza kinywa chini, povu na mate vikatiririka mchangani.

"Msimguse!" akapaza sauti kijana mwingine, ambaye baadaye nilijua kwamba alipata kuhudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kwa madereva. "Mayu, mwache hivyo hivyo, utamvunja shingo!"

Mama hakuondoa mkono wake. "Mwanangu," akasema, "mimi nimemwona akianguka. Alikuwa amesimama hapa, ameanguka hapa, penye mchanga. Hakugonga jiwe wala chuma. Haya mate yakimpalia, atatufia."

Nami nilikuwapo, sikusema neno, na tangu siku ile nimeyapima maneno ya watu hao wawili mara nyingi, kwa kuwa hapana hata mmoja wao aliyesema upuuzi. Kijana alikuwa na elimu aliyopewa na watu wenye nia njema: kwamba majeruhi asiye na fahamu ahesabiwe kuwa amevunjika shingo mpaka ithibitike vinginevyo. Mama alikuwa na macho yake na ushahidi wake. Suala hilo hilo, yaani kama kila aliyepatwa na kifafa astahili kufungwa kola ya shingo na kulazwa juu ya ubao kabla hajaguswa kwa jambo jingine lolote, limewashughulisha matabibu wa dharura katika nchi nyingi. Rai yangu, ambayo nitaieleza pamoja na dalili zake, ni kwamba hadhari ya uti wa mgongo hupimwa kwa anguko, na kwamba kifafa peke yake hakiiletei shingo hatari ya kutosha hata pumzi ya mgonjwa icheleweshwe kwa ajili yake. Lugha yetu yenyewe yatusaidia hapa. Hatusemi tu kwamba fulani ana kifafa; husema pia kwamba fulani huanguka, ana ugonjwa wa kuanguka. Basi swali la kwanza limo ndani ya jina la maradhi: aliangukaje, kutoka wapi, juu ya nini, na nani aliyeona?

Uti wa mgongo ni safu ya pingili, saba za juu zikiwa za shingo, na ndani ya safu hiyo hupita mshipa mkuu wa fahamu unaochukua amri za ubongo hadi viungoni na kurudisha habari za viungo hadi ubongoni. Mishipa inayoendesha kiwambo cha pumzi, kile kilichotenga kifua na tumbo, huchipuka kati ya pingili ya tatu na ya tano za shingo. Kwa hiyo jeraha la sehemu hiyo laweza kumnyima mtu mikono, miguu na pumzi kwa pigo moja. Hofu iliyowafanya wataalamu wazue kola na ubao ni kwamba pengine pingili zimevunjika lakini mshipa ungali salama, na kwamba mkono wa mwokoaji asiyejua, akimgeuza au akimburura majeruhi, huenda ukakamilisha uharibifu ambao ajali haikuumaliza. Hofu hiyo ina insafu. Mtu aliyepata kumwona kijana wa miaka 20 akilazwa chali mpaka kufa kwa sababu ya jeraha la shingo hawezi kuidharau.

Hata hivyo, desturi yenyewe haikujengwa juu ya majaribio. Ilienea katika magari ya wagonjwa ya Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, ikafundishwa, ikaandikwa katika miongozo, ikasafiri pamoja na miongozo hiyo hadi nchi zisizokuwa na magari wala kola. Mwaka 2001 mapitio ya Cochrane, yaliyotafuta jaribio lolote lililowagawa majeruhi kwa kura, baadhi wafungwe na baadhi wasifungwe, hayakupata hata moja. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Mark Hauswald na wenzake walikuwa wametoa ulinganisho uliowashitua wengi: walichukua majeruhi wa uti 334 wa New Mexico, waliofungwa wote njiani kwenda hospitali, wakawapambanisha na majeruhi 120 wa Kuala Lumpur, Malaysia, ambao hapana hata mmoja wao aliyefungwa, nao wakaona kwamba ulemavu wa mishipa ya fahamu ulikuwa mchache zaidi kule Malaysia. Sitaki kuutia ushahidi huo uzito usiokuwa wake. Ajali za miji miwili hazifanani, na wanaokufa njiani hawahesabiwi hospitalini. Lakini maana yake kwa watu wa Ziwa ni nzito: jeraha la uti hukamilika zaidi katika lile pigo la kwanza, na mkono wa jirani umchukuao majeruhi kwa uangalifu wa kawaida si sababu kuu ya kupooza kama tulivyofundishwa kuamini.

Hayo ni ya majeruhi wa kila namna. Je, kifafa chenyewe, pasipo anguko lolote, chaweza kuuvunja uti? Jibu ni kwamba chaweza, na ushahidi wake umetoka mahali pa huzuni. Mwaka 1934, mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna alianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa kuwasababishia mtukutiko kwa makusudi, kwanza kwa kafuri, kisha kwa dawa iliyouzwa kwa jina la Metrazol. Tiba ikaenea upesi, na miaka michache baadaye wapigaji eksirei wakaanza kuona jambo ambalo wagonjwa wengi hata hawakulilalamikia: pingili zilizobonyea. Katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1939, wagonjwa takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa na pingili za namna hiyo. Walikuwa wamelala kitandani; hapana aliyeanguka; misuli yao peke yake, ikijikaza kwa nguvu zote kwa mara moja, ndiyo iliyoziponda. Mwaka 1940 Abram Bennett wa Nebraska akaanza kuwalegeza wagonjwa kwa dawa ya kurare kabla ya mtukutiko, na mivunjiko ikapungua mno. Wazee wa tiba katika nchi zetu waliona jambo hilo hilo kwa wagonjwa wa pepopunda.

Sasa tazama mahali palipovunjika. Hapakuwa shingoni. Pingili zilizobonyea zilikuwa aghalabu za katikati ya mgongo, baina ya mabega, mahali ambapo safu imepinda kwa mbele na misuli mikubwa ya mgongo huivuta kama upinde. Tena ulikuwa mbonyeo wa upande wa mbele wa pingili, ulioacha mfereji wa mshipa wa fahamu wazi, hata ikawa ni nadra mgonjwa kupooza. Kwa hiyo kola ya shingo, kwa mwenye kifafa asiyeanguka, hulinda mahali ambapo hapakuguswa, na kupaacha palipoguswa. Mgonjwa kama huyo haja yake ni mtu wa kumwuliza siku ya pili, akili ikishamrudia, kama mgongo unamwuma katikati, ambalo ni swali rahisi na husahauliwa. Na kwa kuwa tumetaja mifupa, nisiache kusema kwamba kiungo kinachopaswa kutazamwa baada ya kifafa kuliko shingo ni bega: mkazo wa misuli huweza kulitegua kwa nyuma, nalo hupita bila kutambuliwa kwa sababu mgonjwa huonekana ameukumbatia mkono wake tu, kama mtu mwenye baridi.

Mwaka 1995, katika jarida la Marekani la tiba ya dharura, waandishi wawili, McArthur na Rooke, waliuliza waziwazi kama hadhari ya uti ni ya lazima kwa kila mgonjwa wa kifafa, na jibu lao likawa kwamba, penye kifafa cha kawaida pasipo ajali kubwa, si ya lazima. Laiti jibu hilo lingesafiri kwa kasi iliyosafiri nayo ile desturi.

Ugumu uliobaki, na ambao sipendi kuupita kwa haraka kwa sababu ndio unaowatatiza waganga waaminifu, umo katika kanuni zenyewe za kuifungua shingo. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uitwao NEXUS, uliofanywa katika vituo 21 vya Marekani juu ya majeruhi 34,069, ambao 818 kati yao walikutwa na jeraha la pingili za shingo. Uchunguzi huo ulithibitisha kwamba picha haihitajiki kwa mtu asiyekuwa na maumivu akibonyezwa katikati ya kisogo na shingo, asiyelewa, mwenye fahamu timamu, asiye na ganzi wala udhaifu wa kiungo, na asiye na jeraha jingine lenye maumivu ya kumsahaulisha shingo yake; na kati ya wale 818 kanuni iliwakosa 8 tu. Ni kanuni njema, rahisi, haihitaji chombo chochote ila vidole na subira. Lakini mwenye kifafa akifikishwa mapokezi huwa katika bumbuwazi: hajui aliko, hajui siku, hujibu kwa mguno, pengine hupigana na wanaomshika. Kwa mizani ya NEXUS fahamu zake si timamu. Basi kanuni, ikifuatwa kwa herufi zake, humhukumu kila mwenye kifafa kufungwa shingo na kupigwa picha, hata yule aliyeanguka juu ya godoro.

Fauka ya hayo kuna udhaifu unaopita, uliopewa jina la Robert Bentley Todd, tabibu wa London wa karne ya 19: mtu akitoka katika kifafa huweza kukuta mkono na mguu wa upande mmoja umelegea kabisa, kisha nguvu zikarudi baada ya saa chache, mara nyingine baada ya siku moja au mbili. Asiyejua humdhania kuwa amevunjika shingo, na hatari iliyo kinyume chake ni kubwa zaidi, yaani aliyevunjika shingo kweli kudhaniwa kuwa ana udhaifu wa Todd na kuachwa alale. Tofauti ipo, nayo huonekana kwa macho. Udhaifu wa Todd hukamata upande mmoja, mkono na mguu pamoja, mara nyingine na uso. Jeraha la shingo aghalabu hukamata pande zote mbili, huacha mpaka juu ya ngozi ambao chini yake mgonjwa hasikii, hushusha shinikizo la damu huku mapigo ya moyo yakienda polepole na ngozi ikiwa na joto, na pumzi huwa ya tumbo peke yake, kifua kikiwa kimetulia. Muuguzi aliyekaa dakika tatu kando ya machela akatazama jinsi mgonjwa anavyopumua amejua mengi.

Njia ya kutoka katika mtego wa kanuni ni kukumbuka kwamba bumbuwazi la kifafa, tofauti na lile la ubongo uliojeruhiwa, huondoka lenyewe, mara nyingi katika nusu saa au saa chache. Mgonjwa asiyeweza kujibu saa nne asubuhi aweza kujibu saa tano. Hakuna amri ya kukata hukumu papo hapo. Ipo nafasi ya kumlaza ubavu, kumwekea mtu wa kumtuliza kichwa kwa mikono, kumpima sukari ya damu na malaria, kisha kurudi na kumwuliza upya. Na asiporejea katika fahamu zake kwa muda uliotarajiwa, hapo ndipo wasiwasi huwa wa haki, kwa shingo na kwa ubongo pia, kwa kuwa huenda kifafa chenyewe kilizaliwa na pigo la kichwa, na tuliyemwita mgonjwa alikuwa majeruhi tangu mwanzo.

Kufunga nako kuna gharama. Kola huibana mishipa ya damu ya shingoni iitwayo jugula, damu ya ubongo ikachelewa kushuka, na shinikizo ndani ya fuvu likapanda. Huzuia kinywa kufunguka vema. Na mtu aliyefungwa chali juu ya ubao akitapika, matapishi hayana pa kwenda ila mapafuni. Mwenye bumbuwazi hajui kwamba anasaidiwa. Akibanwa hupigana, na kichwa kikiwa kimefungwa ubaoni huku kiwiliwili kikijipindapinda, shingo hugeuka kuwa bawaba ya mlango, ikipata misukosuko ambayo isingeipata kama angeachwa alale. Wakati wa mtukutiko wenyewe, kumkandamiza mtu ili asicheze ni taksiri kubwa: huvunja mifupa na kutegua mabega. Na lile la kumtia kijiko au kijiti baina ya meno, ambalo bado nimeliona likitendwa kwa huruma ya kweli, huvunja meno na kumfanya apaliwe na damu yake.

Wako wawili ambao kwao ubao na kola ni dhuluma. Wa kwanza ni mwanamke mwenye kifafa cha mimba. Jina la Kiswahili limeyaweka maradhi hayo katika ukoo mmoja na kifafa, lakini chanzo chake ni mimba yenyewe na shinikizo la damu, na tiba yake ni magnesiamu salfeti, ambayo jaribio kubwa la nchi kadhaa, lililotangazwa mwaka 1995, liliithibitisha kuwa bora kuliko diazepamu na fenitoini. Mjamzito akilazwa chali, tumbo huulalia mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, na mama na mtoto wakakosa damu kwa pamoja. Lazima alazwe ubavu wa kushoto. Madereva wa kijamii wa mpango wa m-mama, ambao huchukua wajawazito na watoto wachanga kutoka vijijini, yawapasa kulijua neno hilo moja kabla ya maneno yote ya shingo. Wa pili ni mtoto wa degedege. Huyu amepata homa, pengine malaria, na ametukutika mikononi mwa mama yake au juu ya mkeka, hakuanguka popote. Zamani bibi zetu walisema ni ndege wa usiku amempitia juu, na wengine waliogopa kumpeleka hospitali wakidhani sindano itamwua. Dhana hiyo imepungua, namshukuru Mungu, nasi tusiibadili kwa ucheleweshaji mpya wenye vazi la kitaalamu. Mtukutiko ukizidi dakika tano, kinachotakiwa ni dawa ya kuusimamisha, njia ya pumzi na sukari.

Hapa ndipo nifikapo kwenye jambo linalonichoma zaidi ya yote. Neno "msimguse" halikutua mahali patupu. Lilipofika katika nchi hii lilikuta mwenzake ameshakaa. Tangu kale watu wengi wameamini kwamba povu la kifafa huambukiza, na pumzi yake pia, na wakamwacha mgonjwa pale alipoangukia, motoni au majini. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mnamo 1960, aliwakuta wagonjwa wake wakila peke yao, wakilala peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto. Miaka 30 baadaye yeye na Dakta Rwiza waliwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo na kukuta kwamba takriban theluthi mbili wamekwisha kufa; na zaidi ya nusu ya vifo hivyo ilitokana na kifafa chenyewe, yaani mtukutiko usiokoma, kuzama majini na kuungua. Isome tena orodha hiyo. Ni orodha ya watu ambao mkono wa jirani ungewatoa. Mtu anayezama hahitaji aliyehifadhi uti wake, ahitaji aliyemgusa. Basi kila mwalimu wa huduma ya kwanza katika mwambao wa Ziwa, anapofundisha hadhari ya shingo, ajue kwamba huenda anaipa hofu ya kale cheti kipya, na yule aliyekuwa akirudi nyuma kwa kuogopa povu sasa atarudi nyuma na kusema kwamba ameelimishwa.

Wala sisemi kwamba shingo isifikiriwe. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba zimepanda juu ya majabali, na watoto huchota maji na kushuka kwa madumu kwenye njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili. Mwenye kifafa akianguka kutoka juu ya jabali la kimo cha mtu, akatangulia kwa kichwa, huyo ni majeruhi wa shingo kabla ya kuwa mgonjwa wa kifafa. Kanuni ya Kanada ya kuipima shingo, iliyotolewa mwaka 2001 baada ya kuchunguzwa majeruhi 8,924, huuliza hasa namna ya ajali: je, alianguka kutoka kimo cha takriban mita moja au ngazi tano, je, kichwa kilipokea uzito wa mwili kama cha mpiga mbizi, je, ana miaka 65 au zaidi? Maswali hayo yanaeleweka Igombe na Kayenze kama yanavyoeleweka Ottawa. Mvuvi wa dagaa aliyekakamaa usiku wa giza, karabai zikiwaka, akaangukia ukingo wa mtumbwi kwa shingo. Kijana aliyejirusha kutoka mwambani penye maji mafupi akaonekana anatukutika. Dereva wa bodaboda aliyepatwa na kifafa akiwa mwendoni kwenye barabara ya Musoma, karibu na Nyamhongolo. Fundi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi: hao wote shingo zao zihesabiwe kuwa zimevunjika mpaka ijulikane. Aliye majini atolewe kwanza, kichwa kikishikwa sambamba na mgongo kadiri iwezekanavyo, lakini atolewe.

Yuko pia mtu ambaye vitabu vya nchi tajiri humtaja kwa uchache, nasi tunaye. Huyu ni mzee, au mama wa makamo, aliyemeza fenobabitoni kwa miaka mingi, dawa nafuu iliyowaokoa watu wetu wengi kuliko nyingine yoyote ya kifafa. Dawa hiyo, na fenitoini halikadhalika, hupunguza vitamini D mwilini na kuidhoofisha mifupa polepole. Kwake yeye anguko dogo si dogo. Akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, uani, akasema shingo inamwuma, asiambiwe kwamba amezoea kuanguka. Nimesikia maneno hayo yakisemwa, na yalinitia huzuni, maana mazoea ya kuanguka humwongezea mtu hatari, hayampunguzii.

Ama namna ya kuilinda shingo pale inapostahili, haihitaji hazina kubwa. Mikono miwili iliyotulia pande mbili za kichwa yatosha kwa mwanzo. Kanga mbili zilizosokotwa ngumu, zikawekwa kulia na kushoto kwa kichwa, hukizuia kugeuka bila kulibana koo. Akitapika au akikoroma, ageuzwe ubavu na watu watatu au wanne kwa pamoja, kama gogo, mmoja akiwa wa kichwa peke yake naye ndiye mwenye kutoa amri. Aliye peke yake asisite: iko namna iliyopendekezwa miaka ya 1990, ambapo mkono wa chini wa mgonjwa hunyooshwa kupita kichwa, kichwa kikalalia juu ya mkono huo wakati wa kumgeuza, na shingo ikabaki karibu na mstari wake. Ubao mgumu ni wa kuhamishia. Mgonjwa akifika kitandani uondolewe, maana vidonda vya mgandamizo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Safari ndiyo inayonitisha kuliko kifafa. Mgonjwa aliyelegea hupakiwa mshikaki, yeye katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimkumbatia, na kichwa chake hulewalewa kila pikipiki inapopita shimo, kikianguka mbele, nyuma, begani kwa dereva. Na katika mkao huo ulimi hurudi kooni. Ikiwa anguko halikuidhuru shingo, hiyo yaweza. Guta la mizigo lililotandikwa godoro, au bajaji iliyomlaza ubavu kwenye kiti cha nyuma na kichwa chake pajani mwa ndugu, ni bora mara kumi. Kwa watokao Sengerema na Geita, Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea ule mngojeo wa pantoni ambao ulikuwa ukikaa kati ya mgonjwa na Hospitali ya Bugando, iliyoko juu ya kilima chake tangu 1971. Barabara imefupika, namna ya kumlaza mtu garini haijabadilika.

Kule mapokezi, hospitali yoyote iwayo, mgonjwa hufika na karatasi ya rufaa. Karatasi nyingi nilizopata kuziona zina neno moja tu, "kifafa", na muda, na saini. Anguko halimo. Daktari wa zamu, ambaye hakuwapo, analazimika kuchagua baina ya kumfunga kila mtu na kubahatisha. Naye akifunga hatumlaumu, kwa kuwa tumempelekea mwili bila habari zake. Lau kila karatasi ingekuwa na mstari wa kueleza alikuwa amesimama, ameketi au yuko juu ya kitu gani, aliangukia nini, nani aliona na simu yake ni ipi, kola zingevaliwa na wachache wanaozistahili.

Kijana wa Buswelu alipakiwa bajaji kwa ubavu, si kwa mshikaki. Yule aliyepiga kelele kuhusu shingo ndiye aliyepanda naye, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili njia nzima, na mama muuza vitumbua akaketi upande wa miguu, karai lake akiwa amemwachia jirani. Katika zahanati muuguzi alimpima sukari, akamtazama pumzi, kisha akageuka na kuuliza, "Shikamoo mama. Nani aliyemwona akianguka?" Mama akajibu marahaba, akaeleza yote kwa mkono, akionyesha kimo, akionyesha mchanga. Muuguzi akaandika. Baada ya takriban dakika 40 kijana alifumbua macho, akataja jina lake, akataja siku, na alipobonyezwa shingo kwa nyuma, pingili baada ya pingili, akasema haumii. Akaambiwa ageuze kichwa polepole kulia, kisha kushoto, akageuza. Akauliza pikipiki yake iko wapi, naye mama akamjibu kwamba ufunguo uko kwake, na kwamba leo hataipanda.